Usitandike Juu ya Unyevu

Masomo ya juma: Walawi 14:33-53, Ezekieli 13:10-16, Yohana 21:15-19



Isangi imekaa pale Lomami inapoingia katika mto Kongo. Baraka zetu nyingi zinatoka katika maji hayo mawili: samaki, mchanga wa kujengea, njia ya kupanda Kisangani na kuteremka Basoko. Shida zetu nyingi zinatoka humo humo. Mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 mto ulipanda kupita kawaida. Kule Kinshasa kipimo cha maji kilifika mita 6.20, karibu kabisa na mita 6.26 za mwaka 1961, gharika ambayo wazee wengi bado wanaitaja. Tshopo, mkoa wetu, ilikuwa kati ya mikoa iliyopigwa. Kwa nchi nzima serikali ilihesabu wafu wapatao 300 na nyumba zaidi ya 43,000 zilizoanguka.

Juma hili natamani tuangalie siku zile ambazo hakuna anayezihesabu, yaani siku zinazofuata maji kurudi mtoni. Mtumbwi wa msaada umeshaondoka na wakubwa waliokuja kuangalia wamerudi mjini. Mama anaingia nyumbani mwake. Anasukuma tope nje, anafuta ukuta kwa kitambaa, na kabla giza halijaingia anatandika alichonacho: mkeka, kipande cha balatumu, zulia la sebuleni alilonunua kwa akiba ya miaka. Anatandika kwa sababu watoto lazima walale. Tena anatandika kwa sababu nyumba isiyo na tandiko inamwambia kila anayepita kwamba humu tumeshindwa. Kanisani nasi tunafanya hivyo hivyo. Jumapili inakaribia, zulia la mbele ya altare linasuguliwa kwa sabuni, linaanikwa nusu siku, linarudishwa mahali pake upande wa chini ukiwa bado wa baridi. Misa inaadhimishwa na watu wanafurahi. Baada ya majuma machache harufu inaanza, wazee wa viti vya mbele wanakohoa, na ukiinua pembe ya zulia unakuta weusi umeenea kama ramani.

Naomba jambo moja tu, na naliomba kwa moyo wote: tusitandike juu ya unyevu. Naliomba kwa ajili ya sakafu zetu, na kwa ajili ya mapatano yetu.

Kwanza sakafu. Ndugu zetu waliohamia Kanada na Marekani wengi wanaishi katika nyumba zenye chumba cha chini, kilichochimbwa ndani ya ardhi na kutandikwa zulia kutoka ukuta hadi ukuta. Bomba likipasuka au mvua ikipenya ukutani, chumba hicho ndicho kinachojaa. Kazi ya kurudisha zulia lililolowa ina utaratibu wake, na inafaa tuujue. Fundi haanzi na zulia. Anaanza na chanzo cha maji, kwa maana kukausha chumba kinachoendelea kuvuja ni kujichosha. Kisha anaondoa maji, anafungua kingo za zulia kutoka kwenye vile vibao vyembamba vyenye misumari vilivyozunguka ukuta, analiinua lote na kuangalia chini. Sifongo iliyolazwa chini ya zulia anaitupa, kwa kuwa imekunywa maji kiasi ambacho hakuna jua litakaloyatoa yote. Vibao vilivyooza anavibadilisha. Zulia lenyewe analikausha pande zote mbili, na anafanya haraka katika jambo hilo, kwa sababu ukungu unaweza kuanza kumea ndani ya saa 24 hadi 48.

Mahali pa kungoja ni kwenye simenti. Sakafu ya simenti inadanganya. Juu inaonekana nyeupe na kavu, ndani ina maji. Basi fundi anachukua kipande cha plastiki, anakibandika sakafuni na kuziba kingo zake zote, anakiacha usiku kucha, angalau saa 16. Akikifunua akakuta matone upande wa chini, au simenti imegeuka nyeusi mahali pale, anajua kwamba bado. Anangoja tena na kupima tena. Mwenye nyumba anaweza kulalamika, lakini fundi mwaminifu hatandiki.

Siku ikifika, anaweka sifongo mpya na kurudisha zulia. Hapo anakuta limebadilika. Zulia lililolowa na kukauka linaweza kusinyaa, au kulegea na kufanya mikunjo ya kumwangusha mzee. Lazima livutwe upya. Analishika kwanza upande mmoja katika misumari ya vibao, kisha anaweka chuma kirefu kinachoegemea ukuta ule na kusukuma zulia kuelekea ukuta wa pili, kidogo kidogo, kutoka pembe hadi pembe, mpaka limekazwa sawasawa. Akivuta kwa pupa linachanika, na akiogopa kuvuta linarudi kujikunja.

Neno moja zaidi, na tafadhali mlishike. Utaratibu huo ni wa zulia lililolowa maji safi. Zulia lililozama katika maji machafu ya mafuriko au ya choo, mafundi hao hawalirudishi. Wanalitoa nje na kulitupa. Hapa kwetu mto ukipanda unafika vyooni kabla haujafika sebuleni, na kipindupindu kimeshatupiga mara nyingi katika mkoa huu. Kwa hiyo godoro la sifongo na zulia nene lililolala katika maji hayo lisiwe tena kitanda cha mtoto. Najua gharama yake, na najua kwamba kusema ni rahisi kuliko kununua. Ndiyo maana shirika lizima, yaani jumuiya ya Wakristo ya mtaa, lazima libebe mzigo huo pamoja na familia. Balatumu inaoshwa kwa sabuni, kisha kwa maji yenye klorini, na kukaushwa pande zote mbili. Mkeka mwembamba unaoshwa na kuanikwa juani siku kadhaa, tena juu ya kamba, usilazwe chini. Sakafu inaachwa wazi, milango na madirisha wazi. Tunaishi karibu kabisa na ikweta. Yangambi, jirani yetu, inapata mvua ya milimita 1,800 hivi kwa mwaka, na hewa yetu ina unyevu hata siku ya jua. Kwa hiyo kukausha kwetu kunataka siku nyingi kuliko tunavyotamani.

Sasa tufungue Walawi. Wengi wetu tunakiruka kitabu hicho, tukidhani ni orodha ya sheria za watu wa kale. Lakini katika sura ya 14 Mungu anamfundisha Musa na Haruni la kufanya nyumba ikipata ugonjwa ukutani, madoa ya kijani au mekundu yaliyoingia ndani kuliko uso wa ukuta. Angalieni mwendo wake. Mwenye nyumba ndiye anayekwenda kwa kuhani na kusema kwamba anaona kitu kama pigo nyumbani kwake. Hasemi kwa uhakika, anasema anavyoona. Kuhani anaagiza kwanza vyombo vyote vitolewe nje kabla hajaingia, ili visije vikahesabiwa kuwa najisi pamoja na nyumba. Hii ni huruma. Kuhani hakutumwa kuharibu mali ya mtu maskini.

Kisha anaingia, anaangalia, anatoka, anafunga mlango siku saba. Hakemei wala hapaki chokaa. Anangoja. Siku ya saba anarudi. Pigo likiwa limeenea, mawe yaliyougua yanatolewa na kutupwa nje ya mji, kuta zinakwanguliwa pande zote za ndani, yanaletwa mawe mengine na udongo mwingine, nyumba inasiribwa upya. Likirudi hata baada ya hayo yote, nyumba inabomolewa. Lakini kuhani akikuta halikuenea, anaitangaza nyumba kuwa safi na kuifanyia ibada yenye ndege wawili, na yule ndege aliye hai anaachwa aruke nje ya mji, kwenye uwanda.

Jambo linalonigusa zaidi ni mahali ambapo haya yanatokea. Ni katika nchi ya Kanaani, nchi waliyopewa na Mungu mwenyewe. Nyumba ya ahadi inaweza kuugua. Familia iliyofunga ndoa mbele ya altare inaweza kuugua, na parokia iliyojengwa kwa jasho la wamisionari na wakatekista wetu vilevile. Kuugua hakumaanishi kwamba Mungu ametuacha. Hatari inaanza pale tunapoficha.

Ezekieli anaonyesha mwisho wa kuficha. Katika sura ya 13 anawashtaki manabii waliowaambia watu kuna amani wakati amani haipo. Watu wanajenga ukuta dhaifu, nao manabii wanakuja na chokaa kuupaka ung'ae. Mungu anasema mvua itakuja, mafuriko na mawe ya barafu na upepo wa dhoruba, ukuta utaanguka, na watu watauliza chokaa iko wapi. Sisi watu wa mto tunalielewa andiko hili bila mwalimu. Lakini tulisikie linavyotuhusu sisi viongozi wa Kanisa. Ezekieli hawashtaki waliojenga vibaya kwa nguvu ile anayowashtaki nayo waliopaka. Mchungaji anayeharakisha amani ya uongo ana kosa kubwa mbele ya Mungu.

Tunaharakishaje? Tazameni mabaraza yetu ya familia. Ndugu wawili wamegombana juu ya shamba la baba. Wazee wanaketi, kuku anachinjwa, wanaambiwa mshikane mikono, sisi ni damu moja. Wanashikana. Hakuna aliyeuliza mpaka wa shamba uko wapi, wala nani alikata mitende ya mwenzake. Mwaka unaofuata panga linachomolewa, na sisi tunashangaa. Mikono ilishikana juu ya unyevu.

Au tazameni mke aliyepigwa. Anakuja kwa padri, au kwa mama kiongozi wa shirika. Tunamwambia avumilie, arudi, aombe, Mungu atambadilisha mume. Tunamrudisha jioni ile ile. Ndugu, hilo ni kumlaza mtoto kwenye godoro lililotoka katika maji ya choo. Walawi inatuambia nyumba ifungwe, watu watoke, muda upite, kuhani arudi kuangalia kwa macho yake. Mwanamke anayehofia uhai wake lazima apate kwanza mahali salama pa kulala, yeye na watoto wake. Mume lazima aseme alichofanya, akiseme mbele ya watu wanaoweza kumwajibisha, na maisha yake yapimwe kwa miezi. Pigo likirudi, hakuna sheria ya Mungu inayomlazimisha mama yule aendelee kukaa ndani ya kuta zinazomwua. Kuna vitu vinavyookolewa na kuna vitu vinavyotolewa nje. Kazi yetu ni kuvitofautisha kwa machozi na kwa sala, bila woga.

Na mji wetu mkubwa, Kisangani, nao una simenti ambayo haijakauka. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana mitaani mwake, majeshi mawili ya kigeni juu ya vichwa vya watu ambao hawakuwa upande wowote. Mamia ya raia walikufa. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vyake katika nchi yetu. Ni haki, na wahanga walingoja zaidi ya miaka ishirini kuisikia. Lakini yeyote aliyewahi kuketi na mjane wa siku zile sita anajua kwamba anataka kitu ambacho fedha peke yake haibebi. Anataka jina la mumewe litajwe, na mtu amsikilize mpaka mwisho bila kuangalia saa. Malipo yasipotanguliwa na kusikiliza yatakuwa zulia jipya juu ya sakafu ile ile.

Na toka mwaka 2023, mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola, ulioanzia upande wa Lubunga kule Kisangani, umeua watu wengi, umechoma vijiji na kufukuza maelfu. Sisi wa Isangi, Walokele, Watopoke, Waturumbu na wengine, tusiseme ni mambo ya wengine. Tunauza samaki katika masoko yale yale na tumeoana nao. Mikutano ya amani ni mizuri na tunaiombea. Lakini tuwaombee pia wale wenye kazi ngumu zaidi ya kuinua tandiko: nani alitoa ardhi, nani aliuliza wenye ardhi, nani aliua nani, nani alipoteza nini. Bila maswali hayo kujibiwa, saini juu ya karatasi ni chokaa ya Ezekieli.

Kuna anayeweza kuniuliza: Baba Padri, kwani Yesu hakutufundisha kusamehe sabini mara saba? Alitufundisha. Na katika Injili ya juma hili tunamwona akisamehe. Petro alimkana mara tatu usiku ule Yesu alipokamatwa, karibu na moto wa makaa. Sasa Yesu amefufuka, wako kando ya ziwa, moto wa makaa unawaka tena, samaki wameiva. Yesu angeweza kula naye na kuyaacha yapite. Badala yake, mbele ya wenzake anamuuliza kama anampenda. Anauliza tena, kisha mara ya tatu, na Injili inasema Petro alihuzunika. Yesu ameinua pembe ya zulia mahali hasa palipolowa, mara tatu kwa mara tatu. Hamfedheheshi wala hatangazi dhambi yake, lakini haiachi ioze chini. Na kila Petro anapojibu, anakabidhiwa kondoo.

Hapo ndipo kuvuta zulia upya kunapokuwa na maana. Toba haiishii katika kukauka. Mtu aliyeanguka, akakubali, akapimwa, akaonekana kweli amebadilika, tusimwache amekunjwa kwenye kona ya kanisa kama zulia ambalo hakuna anayelitaka. Kuna jumuiya zinazojua kuhukumu na kungoja lakini hazijui kurudisha. Huyo kijana aliyerudi kutoka gerezani, huyo mweka hazina aliyekula fedha za shirika akazirudisha zote, huyo mama aliyetengwa kwa uvumi ambao haukuthibitika, wote wanahitaji kupewa kazi tena, kidogo kidogo, upande mmoja ukishikwa kwanza na ndugu walio imara ambao anaweza kuwaegemea. Kuvutwa kunauma. Petro naye aliambiwa siku ile ile kwamba atavutwa hadi mahali asipopenda. Lakini hatarudishwa pembeni. Atabeba Kanisa.

Basi, kazi ya juma hili katika mashirika yetu ni hii. Kwanza, kila shirika litembelee nyumba zilizoingiliwa na maji katika mtaa wake, liinue matandiko pamoja na wenye nyumba, lioshe, lianike, na liandike orodha ya familia zinazolala juu ya vitu vinavyopaswa kutupwa. Orodha ije kwenye baraza la parokia, na sadaka ya Jumapili ijayo itaelekezwa huko kwanza. Zulia la kanisa litakaa nje mpaka sakafu ipimwe ikaonekana kavu. Misa itaadhimishwa juu ya simenti tupu, na Mungu hatapungukiwa utukufu. Pili, kila mmoja wetu amtafute mtu mmoja ambaye alipatana naye haraka, aende amuulize kwa upole kama kuna jambo lililobaki halijasemwa. Asikilize bila kujitetea. Kama jibu litahitaji siku saba, azitoe.

Tusali.

Ee Mungu, uliyewafundisha makuhani wa zamani kuingia nyumba zilizougua na kurudi tena siku ya saba, utupe uvumilivu wa kungoja na ujasiri wa kuangalia chini. Uwahurumie waliopoteza nyumba kando ya Lomami na kando ya Kongo, na utufanye sisi tuwe mikono ya huruma hiyo. Uwasamehe wachungaji waliotangaza amani kabla ya wakati wake. Uwalinde wanaolala kwa hofu ndani ya nyumba zao wenyewe. Utie ukweli katika vinywa vya wanaotafuta amani Kisangani, Lubunga na vijiji vyote vya Tshopo. Na wale uliokwisha kuwasafisha, usituruhusu tuwaache nje. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.